Kubandika wolpepa mpya bila kubandua ya zamani: roli ipi inafaa, ipi ni hasara

Ukiuliza dukani kama wolpepa mpya inaweza kukaa juu ya ile iliyopo ukutani, utajibiwa haraka: "Inakaa, haina shida." Muuzaji hajakudanganya, ila amejibu kabla hajajua ile ya chini ni ya aina gani na imeshika kiasi gani. Roli mpya haitaushika ukuta wako. Itashika karatasi kuukuu, na karatasi kuukuu ndiyo itakayobeba mzigo wote. Kwa hiyo hapa nazipima aina nne za roli zilizojaa Kariakoo na kwenye maduka ya mapambo ya Nairobi na Mombasa kwa kazi hiyo moja tu: kubandikwa juu ya nyingine. Roli nzuri kabisa kwenye skimu mpya (tabaka laini la mwisho juu ya lipu) inaweza kuwa hasara tupu kwa kazi hii.

Kabla ya kutoa hela, ujue kwanza una nini ukutani. Chovya kidole kwenye maji, acha tone moja juu ya karatasi ya zamani, subiri dakika moja. Likinywewa na kuacha doa la unyevu, ile ni karatasi. Likibaki limeviringika kama umande kwenye jani la magimbi, ile ni PVC, yaani plastiki. Kisha gonga ukuta kwa vifundo vya vidole kuanzia juu hadi chini. Panapolia tupu pameachia. Baada ya hapo chukua wembe, chora alama ya X sehemu iliyofichika, tuseme nyuma ya kabati, bandika maskintepu (utepe wa karatasi unaonata) juu yake, sugua vizuri, halafu ivute kwa mkupuo mmoja. Ikitoka na pembe za ile X, karatasi ya zamani haiwezi kubeba kitu. Mwisho pitisha kitambaa cheupe chenye maji kidogo juu ya maua yenye rangi kali, hasa nyekundu, buluu iliyokoza na dhahabu. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia pia kwenye karatasi mpya kupitia gundi, na itatokea juu kama doa la chai. Vipimo vyote vinne havifiki robo saa.

Sasa tuje kwenye kosa linalorudiwa kuliko yote, PVC juu ya PVC. Gundi ya wolpepa ni maji kwa sehemu kubwa. Ili ikauke, maji hayo lazima yapate pa kwenda: yaingie ukutani, au yapite kwenye karatasi na kutoka hewani. Ukiweka tabaka la plastiki chini na lingine juu, umeyafungia maji katikati. Mishono itakauka, kwa sababu pale hewa inaingia, na kwa hiyo siku ya kwanza kazi itaonekana imetulia. Lakini ukibonyeza katikati ya ukanda wiki mbili baadaye, kidole kinazama kidogo, kama kwenye embe lililoiva upande mmoja. Gundi bado mbichi. Gundi mbichi yenye wanga ni chakula cha ukungu, na ukungu hausubiri. Kwanza inakuja harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu, kisha madoa ya waridi au ya kijivu yanayopenya hadi juu. Madoa hayo hayafutiki, kwa kuwa yako upande wa ndani.

Kwa mikoa ya pwani kuna jambo la pili linaloongeza ubaya, nalo ni AC. Chumba kinapopozwa mchana kutwa, ukuta wa nje unabaki baridi upande wa ndani huku hewa ya nje ya Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar ikiwa ya joto na imejaa unyevu. Unyevu huo unasafiri kupitia tofali na lipu kuelekea kwenye ubaridi. Ukifika kwenye plastiki unakwama na kugeuka maji, sawasawa na chupa ya soda inavyotoka jasho mezani. Tabaka moja la PVC linatosha kuleta tatizo hilo kwenye ukuta wa nje, na la pili linalificha mpaka limekomaa. Kama chumba kina AC na ukuta unaotaka kupamba unatazama nje, hasa ule unaopigwa na mvua za masika, usiuvalishe PVC hata ikiwa ukuta uko wazi. Chagua ukuta wa katikati ya nyumba.

Nyumba za Mji Mkongwe, za Lamu na za Mji wa Kale Mombasa zina sheria yao. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia uso wa ukuta, na chumvi hutoka nao. Ukizifunika kwa plastiki, chumvi inakusanyika nyuma yake na kuisukuma lipu mpaka ianguke ikiwa unga. Ukikuta wolpepa ya zamani kwenye ukuta wa namna hiyo, usifikirie kuongeza nyingine. Itoe, uache ukuta upumue, upake chokaa.

Turudi kwenye roli. Ya kwanza ni ile ya kujibandika yenyewe, upana wa sentimita 45 na urefu wa mita 10, yenye karatasi ya kubandua nyuma iliyochorwa miraba. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayonunuliwa zaidi na wapangaji. Ina faida moja ya kweli kwa kazi yetu: haina maji, kwa hiyo hailainishi gundi ya zamani. Faida yake inaishia hapo. Ni nyembamba, na kila mshono wa zamani, kila mkwaruzo, kila chembe ya mchanga vitaonekana, zaidi usiku taa ikipiga kwa pembeni. Kama ya zamani ina michoro ya kuinuka, gundi inashika vilele tu na mabonde yanabaki na hewa. Tena plastiki hiyo hujikunyata kadiri miezi inavyopita, na kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri mishono hufunguka milimita moja, kisha mbili, hadi maua ya chini yanachungulia. Fundi mzoefu huipandishia kila ukanda nusu sentimita juu ya mwenzake badala ya kuikutanisha ncha kwa ncha, na hupitisha kikausha nywele kwenye kona ili ikubali kukunjika. Kwa ukuta mdogo, laini, ambao karatasi yake imeshika vizuri, na kwa mtu anayejua atahama baada ya mwaka, inatosha. Zaidi ya hapo, hapana.

Ya pili ni vigae vya sponji vya 3D, vile vya sura ya matofali, vya sentimita 70 kwa 77. Vinapendwa kwa kuwa vinaficha kila kitu, na kweli mishono ya zamani haionekani kabisa. Kwa uzito ni vyepesi. Tatizo ni gundi yake: ni kali kuliko ile iliyoshikilia karatasi ya chini. Kona moja ya kigae ikianza kuachia, haiachii peke yake, inavuta na karatasi, na mara nyingi skimu inafuata. Vilevile sponji hii inashika moto, kwa hiyo isiwekwe karibu na jiko wala nyuma ya soketi ya birika. Juu ya wolpepa ya zamani siipi nafasi.

Ya tatu ni roli ya PVC yenye mgongo wa karatasi, sentimita 53 kwa mita 10, na ndugu yake pana ya Korea, mita 1.06 kwa mita 15.6. Hii ndiyo inayoitwa "wolpepa ya gundi" na mafundi wengi. Hupakwa gundi mgongoni, hukunjwa uso nje gundi kwa gundi, na kuachwa dakika 5 hadi 10 inywe. Hapo karatasi inatanuka milimita kadhaa kwa upana. Ukiiwahisha ukutani kabla haijamaliza kutanuka, itamalizia huko huko na kukupa malengelenge. Ikishakauka inajikaza tena, na mkazo huo ndio mtihani kwa karatasi ya chini: roli mpya inavuta kuelekea katikati ya ukanda, gundi kuukuu imelainishwa na maji mapya, na mshono wa zamani unanyanyuka pamoja na mpya. Roli pana ina mishono michache, ambayo ni faida kubwa. Ukuta wa TV wa mita 4 unakuwa na mishono 3 tu badala ya 7. Ila ukanda wake ukiloa ni mzito, unahitaji watu wawili, mmoja juu ya ngazi na mmoja chini. Juu ya karatasi halisi iliyofaulu vipimo vyote, inakubalika. Juu ya PVC, rudi usome tena habari ya maji yaliyofungiwa.

Ya nne ndiyo ninayoipendekeza: roli yenye mgongo wa nyuzi. Utaitambua ukichana kona kidogo. Badala ya kupasuka kwa mstari safi kama daftari, inaacha nyuzinyuzi kama kitambaa cha maski. Hii haitanuki ikiloa na haijikazi ikikauka, kwa hiyo haivuti kilicho chini yake. Gundi hupakwa ukutani, ukanda unashushwa mkavu moja kwa moja kutoka kwenye roli, na maji yanayotumika ni machache. Siku ya kubandua inatoka kavu, ukanda mzima kwa mkupuo. Angalia tu uso wake. Zipo za nyuzi zenye uso wa PVC na zipo za nyuzi tupu zilizochapwa maua. Kwa kazi ya kubandika juu ya nyingine tafuta zile tupu, kwa sababu zinapitisha mvuke. Kasoro yake ni kwamba nyingi ni nyembamba na nyeupe mgongoni, hivyo maua meusi ya zamani yanaweza kuchungulia. Shika kipande juu ya ua jeusi kuliko yote ukutani, rudi nyuma hatua mbili, utazame. Ukiliona, chagua rangi iliyokoza zaidi.

Je, kama ulichonacho ukutani ni PVC na unataka mpya kwa vyovyote? Kuna njia, na ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. PVC nyingi zenye mgongo wa karatasi zinagawanyika mara mbili. Ingiza ncha ya wembe kwenye kona ya chini karibu na skatini (ukingo wa chini ya ukuta), inyanyue ngozi ya plastiki, kisha ivute polepole kuelekea juu ukiilaza karibu na ukuta, usiivute kuja kifuani kwako. Ikienda vizuri utavua ngozi yote yenye maua, na ukutani itabaki karatasi nyeupe isiyo na mng'ao. Hiyo karatasi nyeupe, kama imeshika kila mahali, ni bitana tayari: inanyonya maji, inashika gundi, haina rangi ya kuchuja. Roli ya mgongo wa nyuzi juu ya bitana hiyo inakaa kama imezaliwa pale. Palipochanika au kuachia, lowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, subiri dakika 10 hadi 15, kwangua kwa spatula pana. Kama ukuta ni wa bodi ya jipsamu, tumia maji kidogo sana, kwa maana bodi yenyewe imevaa karatasi, na ukiilowesha utaikwangua pamoja na wolpepa.

Kama karatasi ya zamani imefaulu, maandalizi yanaanza na msasa namba 120 juu ya mishono iliyopandana, hadi kiganja kikipita kisihisi ngazi. Kata na kuondoa kila sehemu iliyolia tupu, jaza kingo zake kwa puti, acha ikauke, piga msasa tena. Madoa ya rangi iliyochuja na madoa ya maji yapakwe praima ya mafuta, wala siyo ya maji, kwa kuwa ya maji inayeyusha doa na kulipandisha juu. Halafu ifuate hatua ambayo mafundi wa haraka huiruka. Changanya gundi nyepesi, paka ukuta mzima, uache usiku mmoja. Karatasi ya zamani ikinywa maji hayo itaonyesha udhaifu wake wote: mishono itanyanyuka, malengelenge yatatokea. Ni heri yatokee leo kabla hujafungua roli. Asubuhi ukiyakuta yamejaa ukuta mzima, acha mpango huu, bandua yote.

Gundi yenyewe inastahili neno. Nunua ya unga ya pakiti iliyoandikwa kuwa ni ya wolpepa nzito au ya vinaili (yaani PVC), maana hizo zina dawa ya kuzuia ukungu. Maji ya baridi yatangulie ndooni kwa kipimo cha pakiti, unga umiminwe polepole huku mkono mwingine unakoroga. Unga ukitangulia, utapata madonge kama ya ugali uliosongwa na mtoto. Acha dakika 15 hadi 20, koroga tena. Mafundi wengine huongeza gundi nyeupe ya seremala "ili ishike zaidi". Ni kweli inashika, lakini ikikauka haiyeyuki kwa maji, na atakayebandua baadaye atang'oa skimu yote. Kama fundi wako anakuja na kopo la gundi hiyo, mzuie. Inaruhusiwa sehemu moja tu, mstari mwembamba pale ambapo PVC imepandia PVC kwenye kona, kwa kuwa gundi ya kawaida haishiki plastiki.

Kwenye kubandika, ukanda wa kwanza ukatwe nusu upana, sentimita 26 hivi, ili mishono yote mipya iangukie katikati ya kanda za zamani. Mshono juu ya mshono hufunguka. Chora mstari wima kwa timazi (uzi wenye uzito nchani), usiufuate ukuta wala mlango, kwani kona nyingi haziko wima. Anzia juu, ukiacha sentimita 5 za ziada juu na 5 chini. Sukuma hewa kwa spatula ya plastiki kutoka katikati kwenda pembeni. Badilisha wembe kila kanda mbili, maana wembe butu haukati karatasi iliyoloa, unaichana.

Hapa pana kosa moja ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Ili mshono ukutane sawasawa, fundi hupandisha kanda mbili, anapitisha wembe juu ya zote kwa mkato mmoja, kisha anatoa vipande vya pembeni. Kwenye skimu ni ufundi mzuri. Juu ya karatasi ya zamani, wembe ule ule unapita hadi chini na kuikata karatasi kuukuu kwa mstari ulionyooka kutoka dari hadi sakafu, palepale mshono mpya unapovuta. Baada ya wiki mshono unajifungua kama zipu, tabaka zote mbili pamoja. Kama lazima ukate hivyo, weka ukanda mwembamba wa plastiki ngumu chini ya mkato kabla ya kupitisha wembe, kisha uuchomoe.

Kwenye soketi na swichi zima meni (swichi kuu ya umeme) kwanza. Legeza kifuniko, kata X, ingiza kingo nyuma ya kifuniko kwa milimita 5 hivi. Roli yenye foili ya metali isiingizwe nyuma ya kifuniko hata kidogo, kwa kuwa metali inapitisha umeme. Ikate pembeni.

Kuhusu idadi, usikubali hesabu ya mita za mraba. Chukua ukuta wa mita 4 kwa 3. Upana 4 gawanya kwa 0.53, unapata 7 na nusu hivi, yaani kanda 8. Kila ukanda ni mita 3.1 pamoja na ziada, kwa hiyo roli ya mita 10 inatoa kanda 3, na roli 3 zinatosha. Sasa pandisha dari iwe mita 3.3. Ukanda unakuwa mita 3.4, kanda tatu ni mita 10.2, roli haifiki. Kila roli inatoa kanda 2 tu, na unahitaji roli 4, wakati hesabu ya mraba itakwambia 3. Angalia pia lebo. Alama kama 64/32 maana yake maua yanajirudia kila sentimita 64, na ukanda wa pili unashushwa sentimita 32 ili yakutane. Ukiona hivyo, urefu wa kila ukanda upandishwe hadi ufike marudio kamili ya 64: mita 3.1 inakuwa 3.2. Roli zote ziwe na namba ileile ya toleo. Rangi ya matoleo mawili hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo haionekani dukani, inaonekana sebuleni.

Kazi ikiisha, funga madirisha na uzime feni na AC kwa saa 24 hadi 48. Upepo ukikausha mishono kabla ya katikati, itafunguka. Asubuhi ya kwanza utaona malengelenge madogo hapa na pale. Usiyatoboe. Karatasi ya chini imelowa na imetanuka, na ikikauka mengi yatajivuta yenyewe. Litakalobaki siku ya tatu lina hewa, au karatasi ya zamani imeachia chini yake. Toboa kwa ncha ya wembe ukifuata mstari wa ua, ingiza gundi kwa bomba la sindano, subiri dakika 5, kandamiza kwa rola ndogo kuelekea kwenye tundu, futa kinachotoka kwa sponji yenye maji safi. Likirudi siku inayofuata, tatizo liko kwenye karatasi ya chini. Hapo kata mraba mdogo wa tabaka zote mbili hadi kwenye skimu, ubandike kiraka kutoka kwenye mabaki ya roli, ukilinganisha maua.